Usinitabirie Bei ya Myanga Ukiwa Nairobi

Katika kundi letu la WhatsApp la watu wa Bungoma tulioko Uingereza kuna swali lisilokauka: ploti za nyumbani zitapanda kwa asilimia ngapi mwaka huu? Mmoja hutuma jedwali alilolikata kwenye gazeti la Nairobi. Mwingine hutuma tangazo la kampuni inayouza ploti Kitengela. Kabla usiku haujaingia watu wameshaafikiana: kumi kwa mwaka, wengine kumi na tano, na hakosekani anayeanza kupiga hesabu ya faida atakayoikuta akistaafu.

Mimi naishi Aberdeen, Scotland. Kwetu ni Myanga, upande wa Bumula, magharibi mwa mji wa Bungoma ukielekea mpaka wa Malaba. Kwa sura, sehemu hizi mbili hazifanani kwa lolote, lakini kwa habari ya bei za nyumba zote mbili zimenipa somo moja. Bei haitabiriwi kwa nchi nzima. Hutabiriwa kwa mtaa, na anayetaka kuitabiri sharti ajue pesa ya mtaa ule inatoka wapi na inaingia mwezi gani. Tofauti ni kwamba Aberdeen bei huandikwa, nasi Myanga bei tunaiacha midomoni mwa waliokuwapo.

Huku kila kitu kina karatasi

Scotland ina daftari la umma la ardhi na majumba, Register of Sasines, lililoanzishwa mwaka 1617. Tangu 1981 linapisha polepole daftari jipya lenye ramani, Land Register. Nikitaka kujua jirani yangu alinunua nyumba yake kwa pauni ngapi, sina haja ya kumzungukia wala kumtegea dalali sikio. Naingia mtandaoni, naiona.

Kisha kuna Home Report. Tangu Desemba 2008, anayeuza nyumba hapa lazima kwanza amwite mkaguzi aliyesajiliwa. Nilipokuwa natafuta pa kununua niliisoma ripoti ya fleti moja ya Torry, mtaa wa zamani wa wavuvi ng'ambo ya mto Dee, mstari kwa mstari. Kila sehemu ya jengo ilikuwa imepewa namba: 1 maana yake haidai kitu kwa sasa, 2 itahitaji mkono wa fundi siku za mbele, 3 ni ya haraka. Ukuta wa graniti, 1. Mifereji ya paa, 2. Unyevu chini ya dirisha la jikoni, 3. Mwishoni mkaguzi ametaja thamani kwa pauni na kutia sahihi yake. Muuzaji, mnunuzi na benki wote huanzia kwenye tarakimu hiyo. Mawakili ndio wanaotangaza nyumba nyingi, na mawakili wa mji huu wana kituo chao cha pamoja, ASPC, ambacho hutoa takwimu za Aberdeen na viunga vyake bila kuzichanganya na za Edinburgh au Glasgow.

Ungedhani kwa karatasi zote hizo utabiri ni kazi nyepesi. Wapi! Benki Kuu ya Uingereza ilipoanza kupandisha riba, kutoka asilimia 0.1 mwaka 2021 hadi 5.25 kufikia Agosti 2023, wataalamu walitangaza kilio. Halifax, mmoja wa wakopeshaji wakubwa wa nyumba, walikadiria kwamba bei zingeshuka kwa asilimia 8 mwaka 2023. Ofisi ya serikali ya makadirio ya bajeti, OBR, ilisema asilimia 9 kufikia 2024. Mwaka 2023 ulipofunga, faharasa ya Halifax yenyewe ilionyesha bei zimepanda kwa asilimia 1.7. Nationwide, wanaopima kwa mikopo yao wenyewe, wakasema zimeshuka kwa asilimia 1.8. Nchi ni ile ile, mwaka ni ule ule, na wapimaji wawili hawakukubaliana hata kama bei zilipanda au zilishuka.

Aberdeen yenyewe ilikuwa na mambo yake. Mji huu unaishi kwa mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Juni 2014 pipa la Brent lilikuwa zaidi ya dola 110; Januari 2016 lilikuwa limeteremka chini ya dola 30. Makampuni yakapunguza watu, wahandisi waliokuwa wamepanga fleti wakahamia kwingine, na bei za nyumba zikaanza kushuka wakati sehemu nyingine za Uingereza zinapanda. Mpaka leo kuna fleti nyingi hapa zinazouzwa chini ya bei zake za 2014, na si ajabu kuikuta nyumba ikiondoka kwa pungufu ya thamani aliyoitaja mkaguzi. Aliyenunua 2013 kwa kutazama grafu ya Uingereza nzima bado anailipia grafu hiyo kila mwezi.

Na hata ndani ya mji mmoja, mtaa na mtaa. Torry hiyo hiyo ina takriban nyumba 500 zilizojengwa miaka ya 1960 kwa zege jepesi liitwalo RAAC, na Agosti 2024 baraza la mji liliamua zibomolewe. Fleti za graniti zilizo umbali wa kutembea kwa miguu hazina zege hilo. Mtu akisema "bei za Torry zimeshuka," mwenyeji humuuliza: Torry ipi?

Faharasa ya Nairobi na mtu wa Bumula

Kenya tuna faharasa mbili zinazotajwa sana. HassConsult hufuatilia mitaa ya Nairobi na miji inayoizunguka, kama Kitengela, Ruiru na Juja. Chama cha Mabenki, KBA, kilianza kutoa yake mwaka 2015, nayo hutegemea taarifa za nyumba zinazopitia mikononi mwa mabenki. Hiyo ya KBA hupanga maeneo katika makundi matatu kwa jinsi bei zinavyokaribiana, wala si kwa ujirani, kwa hivyo Athi River, Mtwapa na Eldoret hujikuta kundi moja. Kwa benki inayopima hatari ya mikopo yake, mpango huo una maana. Kwa mtu anayetaka pointi tano, yaani nusu ekari, huko Bumula, haumsaidii kitu.

Tena angalia idadi. Mikopo ya nyumba katika Kenya yote ni kama 30,000 tu. Iliyo mingi ni ya Nairobi na viunga vyake. Kaunti ya Bungoma ilihesabiwa kuwa na watu 1,670,570 katika sensa ya 2019, na wengi mno kati yao hujenga kwa akiba, kwa chama, kwa mkopo wa sako, au kwa pesa inayotumwa na mtu kama mimi. Ndiyo maana riba ya Benki Kuu, ambayo Uingereza hutikisa kila mazungumzo ya nyumba, kwetu hupita juu kama ndege inayokwenda Entebbe. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake hadi asilimia 13. Nilikuwa naongea na nyumbani karibu kila wiki wakati huo, na sikumsikia mtu akiitaja. Walichotaja ni miwa kutolipwa.

Bei ya Januari

Soko la ardhi la kwetu lina majira yake. Mahindi yanavunwa kuelekea mwisho wa mwaka. Miwa hulipwa kiwanda kikipenda. Karo hudaiwa Januari, nayo haisubiri. Ukiunganisha hayo matatu utajua ni lini ardhi inauzwa rahisi.

Januari moja nikiwa nyumbani, mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliuza pointi mbili, yaani sehemu mbili za kumi za ekari, kando ya barabara ya murram. Binti yake alikuwa ameitwa shule ya bweni, na miwa aliyopeleka kiwandani ilikuwa haijalipwa. Mnunuzi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyengoja mkopo wa sako. Walikaa sebuleni kwa mzee: mke wake, wanawe wawili, mzee wa mtaa, mashahidi wa mwalimu, na kijana wa surveya mwenye utepe begani. Nami nilialikwa kama jirani. Mzee alifungua kwa laki nne. Mwalimu akasema, "Mzee wangu, mimi nina mbili." Pakawa kimya. Mzee wa mtaa, ambaye mipaka ya pale anaijua kwa miti ya lusiola kuliko kwa ramani, akamgeukia muuzaji: "Ndugu yangu, shule inafunguliwa lini?"

"Jumatatu."

Baada ya jibu hilo mazungumzo hayakuchukua muda. Walimalizia laki mbili na elfu themanini, laki moja na nusu papo hapo, zilizobaki mkopo ukitoka. Soda zikaletwa.

Wiki hiyo hiyo dalali alikuwa amenitajia ploti ya ukubwa ule ule, tena mbali na barabara, kwa laki sita. Alijua natoka wapi. Kaka yangu alipompigia akijitambulisha kama mwalimu wa Kimilili, ikawa laki tatu na nusu. Basi hapo tuna bei ya mwenye shida, bei ya mwenyeji na bei ya mtu wa ughaibuni, zote za kijiji kimoja na wiki moja. Ipi kati yake ingeingia kwenye faharasa? Huenda isingeingia hata moja, kwa sababu ushuru wa stempu ni asilimia 2 vijijini na asilimia 4 mijini, na kila mtu anajua kwamba bei inayofika kwenye karatasi za ushuru hupenda kuwa nyembamba kuliko iliyolipwa. Mijini sababu ya kuipunguza iliongezeka Januari 2023, kodi ya faida ya mauzo ya mali ilipopanda kutoka asilimia 5 hadi 15.

Soko lenyewe pia ni finyu. Ardhi ya kilimo haihami mkono bila idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na sheria inasema mauziano yasiyopata idhini hiyo ni batili. Mke au mume lazima akubali kwa maandishi. Wana wakinuna, kesi haiishi. Kuna makaburi ya wazee ambayo hakuna mnunuzi anayetaka kulima kando yake. Kwa hivyo zinazofika sokoni ni chache, na katika soko finyu hivyo, mauzo mawili tu, moja la karo na moja la pesa za Uingereza, yanatosha kuwafanya watu waseme bei imeporomoka au imepaa. Ukweli ni kwamba wamebadilika wauzaji na wanunuzi tu.

Nyumba isiyo na mnunuzi

Hapa ndipo hesabu zetu za WhatsApp hunishinda kabisa. Huku Aberdeen nyumba ni bidhaa: unaishi humo, ukichoka unauza, unahamia nyingine. Kwetu watu hujenga nyumba ya vyumba vitano ndani ya boma la baba, vigae vinatoka Nairobi, geti linachomelewa Bungoma, halafu mwenye nyumba anakwambia, "Nimetia milioni nane, sasa hivi lazima iko kwenye kumi na mbili."

Iko kumi na mbili kwa nani? Nani atanunua nyumba iliyo katikati ya ndugu watatu, juu ya hatimiliki ambayo bado ina jina la marehemu babu? Benki zinalijua hilo vizuri, ndiyo sababu husita kuikubali nyumba ya namna hiyo kama dhamana. Siku ya mnada hakuna jirani atakayepandisha mkono.

Simlaumu anayejenga. Mimi mwenyewe nitajenga. Nyumba ya boma ina kazi zake: kuwastiri wazazi, kupokea wageni Agosti ya mwaka wa shufwa wakati vijana wanapotahiriwa, kuwapa watoto waliozaliwa Scotland mahali pa kulala wakija kwa nyanya yao. Hiyo ni thamani kamili, ila haina bei ya sokoni, na kisicho na bei hakiwezi kupanda wala kushuka. Kukiweka kwenye orodha ya mali zitakazokulea uzeeni ni kujidanganya.

Mji wa mwajiri mmoja

Ukitaka kuona jinsi hali ya mahali inavyoamua bei, toka Bungoma ushike barabara ya Eldoret mpaka Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper ndicho kilichoukuza mji ule tangu miaka ya 1970. Kiliajiri moja kwa moja zaidi ya watu elfu moja, na nyuma yao walikuwapo wakata magogo, madereva, wauza vyakula na wenye nyumba za kupangisha. Januari 2009 kikafungwa, kimeelemewa na madeni. Wapangaji wakafungasha. Wenye nyumba waliokuwa wakikusanya kodi kila mwisho wa mwezi wakabaki na vyumba vitupu, wengine wakaanza kupangisha kwa bei ya kuzuia tu mlango usiibwe.

Miaka hiyo hiyo bei za ardhi za Nairobi zilikuwa zinapaa na kila gazeti linasifu mali ya Kenya. Aliyejenga Webuye mwaka 2008 kwa kusoma magazeti hayo alikuwa na takwimu sahihi za mji usio wake. Kampuni za Rai zilikinunua kiwanda mwaka 2016 kwa shilingi milioni 900, na watu wakaanza kupaka rangi nyumba upya, lakini Webuye haikurudi ilivyokuwa. Nikiwa Aberdeen naielewa Webuye vizuri zaidi: zote mbili ni miji iliyofunga bei zake kwenye mwajiri mmoja. Tofauti ni kwamba Aberdeen unaweza kufuata mteremko huo robo mwaka baada ya robo mwaka, na Webuye unausikia kwa mwenye nyumba akikusimulia.

Swali lile lile sasa liko Nzoia. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianza kusaga miwa mwaka 1978, na mwaka 2025 serikali ilikikodisha kwa West Kenya Sugar kwa miaka 30. Anayetaka kutabiri kodi za nyumba na bei za ploti za upande ule asihangaike na riba. Aangalie mambo mawili: mkulima analipwa siku ngapi baada ya miwa kupimwa, na wafanyakazi wangapi wamebaki kazini.

Wanafunzi, barabara na mafuta

Kilomita chache kutoka mji wa Bungoma kwenye barabara ya Chwele, mambo ni mengine kabisa. Kibabii ilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro, ikapata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2015. Mashamba ya mahindi yaliyokuwa kando ya lango yamegeuka hosteli na bedsita. Mwenye hosteli pale hamuulizi mtu Benki Kuu imesema nini. Anauliza, "HELB imetoka?" Mkopo wa wanafunzi ukichelewa, kodi inachelewa. Likizo ndefu ikija, vyumba vinalala bure. Mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu ulioanza 2023 umeongeza wasiwasi, kwa kuwa mwanafunzi asiyejua atalipiwa kiasi gani hutafuta chumba cha bei ya chini au hulala kwa jamaa. Bei ya ploti ya Kibabii ni utabiri wa sera ya elimu.

Kati ya Musikoma na Kanduyi, kinachosukuma bei ni barabara pana iliyojengwa na serikali ya kaunti, pamoja na shughuli za mji zinazoifuata. Ploti zilitangazwa kwa jina la barabara kabla lami haijamwagwa, na mara nyingi hapo ndipo ongezeko lenyewe huwa limeshaliwa: anayenunua baada ya lami hununua faida ya mwingine. Reli ya SGR nayo ni hivyo hivyo. Ilifika Naivasha mwaka 2019, na ahadi ya kuifikisha Malaba imekuwa ikirudi kila mara. Kila inaporudi, kuna dalali upande wetu anayeipandisha bei ploti ambayo hajui kama reli itaipitia au itaikwepa.

Kitale ni mwendo mfupi tu wa matatu, na soko lake lina historia nyingine. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru baadhi yalikatwa kuwa skimu za makazi, mengine yakashikwa na shirika la serikali la ADC, lililoundwa mwaka 1965, na mengine yakanunuliwa na makampuni na vyama vya wananchi waliochangishana. Myanga ardhi hurithiwa, na huuzwa kwa kusukumwa na shida. Kitale watu wa kabila mbalimbali waliipata kwa kununua tangu mwanzo, na hawaoni haya kuiuza. Ila palipo na kununua kwa vyama pana mtego wake: shamba moja linaweza kuwa na hatimiliki moja kuu na mamia ya watu wenye vyeti vya hisa tu. Ploti mbili zinazogusana, moja ina hatimiliki na nyingine ina cheti cha hisa, haziwezi kuwa na bei moja, na hakuna asilimia ya nchi nzima itakayokuambia pengo hilo lina upana gani.

Pesa ya Kitale ni mahindi. Msimu wa 2018 serikali ilianza kwa kutangaza shilingi 2,300 kwa gunia la kilo 90 kabla ya kupandisha hadi 2,500. Mwaka 2023 ikatangaza 4,000. Mkulima wa Kwanza au Endebess anayepata bei kama ya 2023 hana haraka ya kukata ekari. Anayepata kama ya 2018, huku mbolea inamdai, atakuuzia. Na kama ilivyo Aberdeen, Kitale nayo ilionja ndoto ya mafuta. Tullow walipotangaza kuyapata Turkana Machi 2012, mji huu, ulio njiani kuelekea Lodwar, ukawa kwenye midomo ya madalali. Malori ya mafuta ghafi yalianza kushuka kutoka Lokichar Juni 2018. Bomba la kwenda Lamu bado halijajengwa. Waliolipa bei ya mafuta Kitale walilipia kitu ambacho hakijafika.

Pesa yetu nayo ni hali ya soko

Sisi tulioko nje hupenda kuongea kana kwamba tunalitazama soko la nyumbani kutoka pembeni. Sivyo. Pesa zilizotumwa Kenya kutoka nje mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, na katika vijiji vyenye watu wengi ughaibuni sisi ndio kipimo cha bei. Mwanzoni mwa 2024 pauni moja ilivuka shilingi 200. Katikati ya mwaka ilikuwa imeteremka hadi karibu 165. Kwa aliyelipwa kwa pauni, ploti ile ile, kwa bei ile ile ya shilingi, ilikuwa imepanda kwa zaidi ya asilimia ishirini bila mwenye ploti kufanya lolote. Kule Myanga hakuna aliyeona bei ikipanda. Waliona simu zetu zimepungua.

Ndiyo maana mtu akiniambia bei za kwetu "zimepanda mara mbili," huuliza kwa shilingi au kwa pauni, na kama waliopandisha ni wenyeji au ni sisi tuliokuwa tunashindana wenyewe kwa wenyewe kwenye ploti tatu za kando ya lami.

Tuanze kuandika

Serikali ina uwezo wa kutusaidia. Kila uhamisho wa ardhi wa Bungoma hupita kwenye msajili wa ardhi, na thamani yake hukadiriwa kwa ajili ya ushuru. Mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi. Siku utakapokaa sawasawa kaunti zote, kutoa wastani wa bei kwa kila eneo la usajili, bila kutaja jina la mtu, hakutamdhuru yeyote ila dalali mwenye bei tatu.

Lakini hatuhitaji kungoja. Kundi letu lina watu wa Bumula, Kanduyi, Webuye, Kimilili, na wengine waliooa Kiminini na Kitale. Karibu kila mmoja amenunua, ameuza au ameshuhudia mauzo. Napendekeza kila mauzo yaandikwe mambo matano: mwezi na mwaka, eneo na umbali kutoka lami, ukubwa na aina ya hati, bei iliyolipwa kweli, siyo iliyotajwa, na sababu ya kuuza, kama ni karo, hospitali, kugawana urithi au kuhama. Jina la mtu lisiandikwe. Orodha ya Bumula ikae peke yake, ya Kibabii peke yake, na ya Trans Nzoia igawanywe kwa wenye hatimiliki na wenye vyeti vya hisa.

Safu ya tano ndiyo nitakayoisoma kwanza. Kama mauzo mengi ya Januari ni ya karo, nitajua kwamba bei ya Januari si dalili ya soko kuanguka, na kwamba aliyenunua mwezi huo amenunua shida ya mtu. Kama mauzo ya kando ya lami yote yalifanywa na watu wa nje, nitajua pauni ikishuka yatakauka. Hayo ni makadirio madogo, ya tarafa moja au mbili, na hayatapata nafasi kwenye gazeti la Nairobi. Kwa mtu mwenye laki tatu za kuweka Bumula, yana kazi kuliko ukurasa mzima wa bei za Kitengela.